Mnara Uliobaki Tovutini

Jioni moja ya Desemba 2021, mgeni kutoka Arusha alifika katika nyumba ndogo ya wageni huko Sokomuhogo, Mji Mkongwe wa Zanzibar, akaacha begi lake mapokezi na kupanda ngazi moja kwa moja hadi juu ya paa. Hakuuliza chai wala neno la siri la intaneti. Huko juu alisimama na simu mkononi, akageuka kushoto, akageuka kulia, akaisogeza simu karibu na macho kama mtu anayekagua noti ya bandia. Halafu akashuka na kuuliza mnara uko wapi. Kwenye simu yake ilikuwa wazi tovuti ya nyumba ile ile, na juu kabisa palikuwa na picha ya Beit el Ajaib na mnara wake wa saa, imepigwa kutoka kwenye paa hilo hilo, jua likizama.

Mwenye nyumba aliitazama simu, akamtazama mgeni.

"Mnara umeanguka, baba," akasema. "Mwaka mzima sasa."

Ndivyo ilivyokuwa. Beit el Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake ya mbele pamoja na mnara tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati, na watu wawili walifariki. Hapakuwa na mtu Unguja asiyejua. Wauza kashata wa Forodhani walijua, mahamali wa Malindi walijua, na paka wa mji nao bila shaka walijua. Tovuti peke yake haikuwa na habari. Ilikuwa bado inawaahidi watu wa dunia nzima kwamba kwenye chumba namba 7 wataamka wakiutazama mnara.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikuwepo mapokezi jioni hiyo, na alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwenye nyumba ni shangazi yake. Tovuti aliitengeneza yeye.

Nyumba ilianza kupokea wageni mwaka 2010, Unguja ikiwa ndiyo kwanza imerudishiwa umeme baada ya miezi mitatu ya giza iliyoanza Desemba 2009, pale njia ya umeme kutoka bara ilipoharibika. Shangazi, mwalimu mstaafu, alikuwa amerithi nyumba ya ghorofa tatu, mlango wa kuchonga na madeni ya chokaa. Miezi michache nyuma, Julai 2009, waya wa SEACOM uliolazwa chini ya bahari ulikuwa umeanza kuleta intaneti ya kasi Afrika Mashariki, na kila mwenye vyumba viwili vya kupangisha aliambiwa kwamba bila tovuti hatamwona mtalii. Basi akatafutwa fundi.

Fundi yule alikuwa hodari, na haki yake apewe. Ukifungua tovuti, minazi inayumba, jahazi linapita taratibu kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine, na taarabu inaanza kupiga yenyewe, fidla na udi. Shangazi alikuwa akiwaita majirani waje kuitazama. Kazi yote ilifanywa kwa Flash, programu iliyokuwa fahari ya mafundi wa zama hizo. Kumbe Aprili ya mwaka huo huo Steve Jobs wa Apple alikuwa ameandika barua ya wazi kueleza kwa nini simu za iPhone hazitaipokea Flash, na hazikuipokea kamwe. Mtalii aliyefungua tovuti ile kwa iPhone aliona ukurasa mtupu, mweupe kama kanzu ya Ijumaa. Na wa kompyuta ya ofisini? Mwalimu mmoja kutoka Ubelgiji, aliyefika mwaka 2012, alisimulia kwa kicheko jinsi fidla zilivyolia ghafla na chumba kizima cha walimu kikageuka kumtazama. Akaifunga tovuti kwa pupa na hakuirudia. Alikuja kwa sababu rafiki yake alishawahi kulala pale. Adobe, kampuni iliyoimiliki Flash, yenyewe iliizika tarehe 31 Desemba 2020, siku sita baada ya mnara kuanguka, lakini kwa shangazi ilikuwa marehemu wa zamani.

Mwaka 2014 mwandishi, akiwa ndiyo kwanza amemaliza chuo na anajiona fundi kuliko fundi, aliivunja tovuti yote na kuijenga upya kwa WordPress. Hakuna minazi, hakuna taarabu. Badala yake picha kubwa kumi na mbili, zilizopigwa kwa kamera ya kuazima, kila moja na uzito wa megabaiti nne hivi. Kwenye kompyuta ya chuo ziling'aa. Jioni moja shangazi alimchukua hadi Forodhani, akaagiza mabakuli mawili ya urojo, akampa simu yake. "Haya, nifungulie nyumba yangu."

Wakangoja. Mstari mdogo wa bluu ulisogea, ukasimama, ukasogea tena. Picha ya kwanza ilishuka kidogo kidogo kama pazia linaloteremshwa na mtoto. Shangazi alimaliza viazi, akamaliza bajia, akanywa mchuzi, akafuta mdomo. Picha ya tano ilikuwa bado. Hesabu yake ni nyepesi, na mwandishi aliipiga usiku ule kwa aibu: picha kumi na mbili za megabaiti nne ni megabaiti 48, na kwenye mtandao wa megabiti mbili kwa sekunde, ambao kwa simu ya wakati ule ulikuwa neema, hizo ni zaidi ya dakika tatu. Na bando linakwenda. Mtu aliyesimama bandarini juani, mizigo miguuni, hangoji dakika tatu ili aone kitanda.

Dawa ilikuwa kazi ya mchana mmoja. Kila picha ilipunguzwa upana uendane na kioo cha simu na kubanwa hadi kilobaiti 150 au chini yake, na zile za chini ya ukurasa zikapangwa zisishuke mpaka msomaji afike huko. Kumi na mbili zikawa nane. Ukurasa mzima ukawa mwepesi kuliko picha moja ya zamani. Aprili 2015, Google ilipoanza kuzipa nafasi ya mbele tovuti zinazosomeka vizuri kwa mtu anayetafuta kwa simu, ya shangazi ilikuwa tayari inasomeka. Mwandishi angependa kusema kwamba alikuwa ameona mbali. Ulikuwa ni urojo tu.

Mambo mawili ya miaka iliyofuata yapitwe haraka, ingawa yaliuma. La kwanza ni jina la tovuti. Fundi wa 2010 alikuwa amelisajili kwa jina lake na barua pepe yake mwenyewe, kisha akahamia Muscat kutafuta maisha. Taarifa za kulipia jina zikawa zinakwenda kwenye anwani aliyokwisha kuiacha, hadi asubuhi moja ya 2016 tovuti haikufunguka. Jina la .com likishafutwa kwa kutolipiwa huwa na siku thelathini za kukombolewa, kwa ada kubwa kuliko ya kawaida, kabla ya kuachiwa yeyote alitakaye. Shangazi alilikomboa zikiwa zimebaki siku chache, baada ya binamu aliyeko Muscat kumsaka fundi msikiti kwa msikiti. Sasa jina limesajiliwa kwa mwenye nyumba, na risiti yake inakaa sanduku moja na hati ya nyumba. La pili ni kufuli. Julai 2018 kivinjari cha Chrome kilianza kuzitangaza tovuti zote zisizo na HTTPS kuwa si salama, na wageni wakaanza kuuliza kama nyumba yenyewe ni ya kweli. Fundi mmoja alitaka alipwe kila mwaka kwa cheti cha HTTPS ambacho Let's Encrypt hukitoa bure tangu mwishoni mwa 2015. Ikawa kazi ya nusu saa.

Pakatulia. Tovuti ilikuwa nyepesi, salama, inasomeka kwenye simu. Mwandishi alihamia Dar es Salaam kwa kazi nyingine, na kila alipoulizwa alijibu kwamba tovuti ya shangazi imekamilika. Neno hilo, imekamilika, ndilo lililouacha mnara umesimama.

Usiku ule wa Desemba, mgeni wa Arusha alipokwisha kulala, shangazi aliinama chini ya meza ya mapokezi akatoa kaunta buku nene, pembe zake zimekunjamana. Lilikuwa la tano. Kila aliyepiga simu, aliyeandika barua pepe au kutuma ujumbe wa WhatsApp tangu mwaka 2010 alikuwamo: tarehe, anatoka wapi, ameuliza nini. Pembeni, kwa wino mwekundu wa kiualimu, alama ya vema kwa aliyekuja na alama ya kosa kwa ambaye hakuja.

Mwandishi alikuwa ameijenga tovuti na kuikarabati kwa miaka saba bila kufungua hata daftari moja.

"Nilidhani umeshayasoma," shangazi alisema. "Au unafikiri miye nayaandika ya nini?"

Walikaa nayo hadi adhana ya alfajiri. Swali la kwanza kwa wingi lilikuwa bei. Tovuti ilisema "wasiliana nasi kwa bei", na hilo halikuwa la bahati mbaya. Shangazi, kama wafanyabiashara wa Darajani aliokua nao, aliamini kwamba bei haipigiwi kelele kutoka mbali. Mteja kwanza huketishwa, huulizwa hali ya nyumbani, hupewa kahawa, ndipo mkazungumza. Tena jirani akiiona bei yako ataishusha yake kesho. Lakini mistari ya daftari ilikuwa na hadithi nyingine. Bei ya chumba? Kosa. Bei kwa watu wawili? Kosa. Bei Januari? Kosa, kosa, kosa. Mtu wa Munich anayelinganisha nyumba sita saa nne ya usiku hasubiri kuketishwa. Anachukua ile iliyoandika bei, hata kama ni ghali kidogo, kwa sababu ile isiyoandika anaiogopa.

Bei zikaandikwa, za masika na za msimu wa wageni, bila nyota wala vijineno vya chini. Mwezi wa kwanza ujumbe ulipungua hadi shangazi akadhani simu imeharibika. Ilikuwa nzima. Wanaouliza bei tu walikuwa wameshajibiwa. Waliobaki kuandika waliuliza tarehe.

Baada ya bei ilifuata njia. Magari hayaingii vichochoro vya Sokomuhogo. Teksi humshusha mgeni barabara kuu, na kutoka hapo ni miguu yake na mkokoteni wa hamali. Tovuti ilikuwa na ramani, lakini alama yake ilikaa vichochoro vitatu mbali, nyumbani kwa bibi mmoja aliyekwisha zoea kufungua mlango na kunyoosha kidole bila kuulizwa. Katika pengo hilo ndipo papasi wanapokula. Mgeni akisimama njia panda, simu inazunguka haipati mtandao, anatokea kijana mchangamfu anayemwambia nyumba hiyo imefungwa, imejaa, imeungua, lakini anayo nyingine nzuri zaidi. Daftari lilikuwa na wageni waliopiga simu kutoka bandarini kutoa pole za moto. Ambao hawakupiga hawamo daftarini.

Ukurasa wa namna ya kufika ndio uliochukua muda mrefu kuliko wote, na kwa maoni ya mwandishi ndio uliolipa kuliko wote. Walitembea pamoja kutoka geti la bandari ya Malindi, shangazi mbele akiamkiana na watu, mwandishi nyuma akipiga picha kila kona: duka la vitambaa lenye mlango wa kijani, baraza wanapocheza bao wazee, msikiti, mlango wenye misumari ya shaba. Safari ya robo saa ikachukua saa mbili, maana hakuna shikamoo ya Mji Mkongwe inayoishia kwenye marahaba. Zilitoka picha tisa, kila moja na sentensi moja. Chini yake iko sentensi ya kumi, maneno ya shangazi mwenyewe: ukiambiwa tumefungwa, piga namba hii, nitapokea mimi. Alama ya ramani nayo ikasogezwa mahali pake kupitia ukurasa wa biashara wa Google, ambao ni bure na unachodai ni uthibitisho tu kwamba nyumba ni yako. Bibi wa kichochoro cha tatu alileta sahani ya vileja.

Yalikuwapo mambo ambayo shangazi hakutaka kuyatangaza. Ngazi ni 52, nyembamba na kali kama za nyumba nyingi za mji ule, na lifti hakuna. Msikiti uko ukuta kwa ukuta, na adhana ya alfajiri huingia dirishani kabla ya jogoo. Pombe haiuzwi. Mwandishi naye, kwa akili zake za biashara za darasani, alikuwa ameyaficha, akaweka picha za vitanda vya nakshi na vyandarua. Ila ukisoma lawama ambazo wageni waliziandika mitandaoni baada ya safari, hakuna iliyohusu kitanda. Lawama zilikuwa za mshtuko: hatukuambiwa. Mzee mwenye goti bovu, aliyefika ngazi ya 30 na kukuta bado 22, hakusahau hata aliporudi kwao.

Walibishana juu ya hilo siku mbili. "Utanifukuzia wageni," alisema shangazi siku ya kwanza. Siku ya pili aliandika mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha ualimu, na mwandishi hakugusa hata koma. Aliandika kwamba ngazi ni 52 na kwamba vyumba namba 1 na 2 viko chini kwa wasioweza kupanda. Aliandika kwamba msikiti ni jirani tangu enzi za babu zake na adhana utaisikia, penda usipende, na wapo wanaoondoka wameizoea. Aliandika kwamba Ramadhani mikahawa mingi hufungwa mchana, lakini mgeni atapewa kifungua kinywa ndani kwa staha, na magharibi atakaribishwa futari mezani kwake.

Hakuna aliyetabiri kilichofuata. Vile vyumba viwili vya chini, vilivyokuwa vinalala bila mtu kwa sababu dirisha lao linatazama ukuta, vikaanza kuombwa kwa namba zake. Na Ramadhani ya 2022, iliyoangukia Aprili katikati ya masika, wakati ambao nyumba huwa imelala na shangazi hupaka chokaa, familia mbili zilikuja kwa ajili ya futari. Moja ilikula mezani kwake mwezi ule kwa siku tisa, na mama wao aliondoka anajua kukaanga kalimati.

Katika daftari, ukurasa wa Oktoba 2021 ulikuwa na kitu cha ajabu: jioni ya tarehe 4 haikuwa na mstari hata mmoja. Shangazi hakuwa mgonjwa. Kuanzia saa kumi na mbili na ushei jioni, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takribani saa sita. Tovuti ilikuwa na kitufe kimoja tu cha mawasiliano, cha kijani, kinachofungua WhatsApp, kwa sababu mwandishi aliona namba ya simu na barua pepe ni mambo ya kizamani yanayochafua ukurasa. Mke na mume walioteremka na boti ya mwisho kutoka Dar es Salaam walikibonyeza kitufe hicho bandarini mpaka wakachoka, wakaenda kulala hoteli nyingine. Kesho yake walipita kuomba radhi. Wao ndio walioomba radhi! Siku hizi namba ya simu iko juu ya kila ukurasa, ukiigusa inapiga, na barua pepe iko chini yake.

Si kila alichokiongeza mwandishi kilikuwa na akili. Katikati ya 2022, baada ya kusoma mahali kwamba ofa huvuta watu, aliweka kidirisha kinachochomoza chenyewe kutangaza punguzo. Kwenye simu kilifunika kioo chote, na alama ya kukifunga ilikuwa ndogo kama tundu la sindano. Google ilikuwa imeanza kuzishusha tovuti za namna hiyo tangu Januari 2017, jambo ambalo mwandishi alilijua baadaye. Shangazi hakuhitaji Google.

"Huyu papasi wa nini mlangoni pangu?"

Kikaondolewa kabla chai haijapoa.

Mgeni wa Arusha, yule wa mnara, alilala usiku tatu. Wakati wa kulipa aliuliza, kwa upole uliouma zaidi, mbona tovuti ya Mswahili, katika mji wa Waswahili, ina Kiingereza na Kiitaliano na haina hata "karibu". Daftari lilimuunga mkono. Mwaka 2020, ndege za watalii ziliposimama, waliofika walikuwa watu wa Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza, na tangu hapo hawakuacha kupiga simu. Maswali yao yalikuwa mengine kabisa. Ukurasa wa Kiswahili haukuweza kuwa tafsiri ya ule wa Kiingereza, kwa sababu mtu wa Tanga hana haja ya kuelezwa adhana ni nini. Anataka bei kwa shilingi, saa za boti, kama watoto wawili watalala na wazazi, kama kuna mahali pa kupikia uji wa mtoto, na kama anaweza kutuma malipo ya awali kwa Lipa Namba akiwa bado kwao. Ukurasa uliandikwa kwa mpangilio huo huo, na uji uko mstari wa nne.

Kuhusu wanaorudi, shangazi ana msimamo wake. Mitandao mikubwa ya kuuza vyumba haichukii. Inamletea watu ambao asingewapata kwa mwendo wake. Mingi kati ya mitandao hiyo hutoza kamisheni ya karibu asilimia 15. Chumba cha dola 60 kwa usiku nne ni dola 240, na dola 36 zinabaki kwa aliyewakutanisha. "Huyo ni dalali," husema, "na dalali hulipwa siku ya kwanza. Mtu akishaijua nyumba yangu, dalali wa nini tena?" Basi tovuti ina ukurasa mfupi wa waliokwisha kulala pale: waandike moja kwa moja, wataje chumba wakipendacho, na watapokewa bandarini na hamali bila malipo. Mara moja kwa mwaka, masika yakikatika, waliokubali kuandikiwa hupata barua pepe ya aya tatu. Haina ofa. Inasema nani kaoa mtaani, duka gani limefungwa, mwembe wa uani umezaa au haukuzaa. Mwalimu wa Ubelgiji, aliyezikimbia fidla, amesharudi mara nne, na barua ikichelewa ni yeye anayeandika kuuliza kama kuna msiba.

Utaratibu wenyewe sasa ni mwepesi. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi shangazi humpigia mwandishi simu Dar es Salaam, huvaa miwani, na humsomea maswali mapya. Swali likitokea mara tatu linaandikiwa jibu kwenye tovuti wiki hiyo hiyo; likitokea mara moja linaachwa, maana kuna watu huuliza kama papa wanaruka. Wakati serikali ya Zanzibar ilipotangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024 wageni kutoka nje ya nchi watapaswa kuwa na bima ya Zanzibar ya dola 44, swali lilifika mara tatu kwa siku mbili, na jibu lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza kabla mwezi haujaanza. Mwandishi amewahi kumpa shangazi programu inayohesabu wanaoingia tovutini, wanakotoka na wanakoishia. Humsikiliza kwa adabu, kisha hurudi kwenye kaunta buku. Hiyo programu, anasema, inamwambia mtu ameondoka. Haimwambii alikuwa anatafuta nini.

Picha ya juu ilibadilishwa asubuhi ile ile ya Desemba 2021. Mwandishi alitaka kusogea pembeni kidogo ili pengo la mnara lisionekane, paa za mabati na bahari zikitosha. Shangazi alikataa, akamrudisha alipopigia picha ya zamani, mguu kwa mguu. Pengo likaonekana. Chini yake akataka paandikwe mwezi na mwaka, na tangu hapo kila baada ya miezi michache hupanda ngazi 52, akipumzika kila ghorofa, kupiga nyingine kutoka pale pale.

Simu ya Jumamosi iliyopita ilikuwa fupi. Bima, hakuna jipya. Uji, hakuna jipya. Mama mmoja wa Mwanza, aliyesoma ukurasa wa Kiswahili na kuiona picha, alikuwa amepiga kuuliza kama mnara utajengwa tena na utakwisha lini, maana anataka wanawe wauone.

"Hilo limefika mara tatu sasa," shangazi alisema. Karatasi zilisikika zikifunuliwa. "Tunaliandikaje?"